Mto Umepotea Tangu Jumanne

Mzee Kumbe hakuwahi kusema uongo kwa nia mbaya. Aliona tu kwamba ukweli, mara nyingi, hufika kwa watu ukiwa umekonda, na si uungwana kumwona mgeni amekonda ukamwacha aondoke na njaa.

Alikaa posta miaka thelathini na mitatu, dirisha la vifurushi, na kazi ile ndiyo iliyomharibu. Mtu akishika kila siku vitu vilivyofungwa, na haruhusiwi kufungua hata kimoja, mwisho wake huanza kujijibu mwenyewe kilichomo ndani. Alipostaafu, kituo kidogo cha redio kilichokuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kilimpa dakika kumi kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, awaeleze watu maajabu madogo ya kila siku. Kwa nini paka akidondoka husimama. Kwa nini miayo huambukiza. Kwa nini soksi huingia mbili kwenye beseni zikatoka moja. Hilo la soksi alilimaliza vizuri sana: alisema soksi ya kushoto ni yenye haya, na ikijiona inakaribia kutoboka huondoka mapema kulinda heshima yake.

Kipindi kiliitwa "Kumbe!" na jina likamganda mwenyewe. Hata duka la rangi chini walimwita hivyo hivyo, "Shikamoo, Mzee Kumbe," naye akaitikia kama vile ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake.

Wasikilizaji walijua anatia chumvi. Walikula, wakalamba vidole. Mtu mmoja tu hakuwahi kuigusa chumvi ile, na huyo ndiye aliyelala naye kitanda kimoja.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake tangu anapoamka mpaka anapovua miwani. Mtaani walimwita Bi Futi. Ukimwambia umeona nyoka mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, Bi Futi hashangai, anauliza, "Kamba ya nani?" halafu anainuka kwenda kuipima. Nyoka mmoja ambaye Mzee Kumbe alikutana naye ujanani alianza ndoa yao akiwa na futi kumi na mbili. Baada ya miaka thelathini na minane ya ndoa, alikuwa amepunguzwa hadi kukaribia mnyoo.

Juu ya mto wake wa kulalia Bi Futi alikuwa ametarizi neno moja kwa uzi mwekundu: NIMESIKIA. Ikifika saa ya kulala, mzee akianza, "Leo nimekutana na mtu ana masikio…" Bi Futi aliugeuza mto, neno likamtazama mumewe, kisha akaulalia.

Basi kituo kikapata viti vipya vya kuzunguka. Kiti cha studio kilikuwa na ugonjwa wake: kilizama taratibu. Mzee Kumbe alianza kipindi mdomo ukiwa sawa na kipaza sauti, akakimaliza kidevu kikiwa juu ya meza kama kikombe. Jumanne alasiri aliamua kujitibu. Mto wake mwenyewe ulikuwa umesinyaa kama bahasha, kwa hiyo akachukua wa mkewe, akaufunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaenda nao kazini, akaukalia. Jioni ile alizungumza kuhusu konokono akiwa juu kama hakimu. Raha ilimzidi, akatoka, akapanda baiskeli, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Bi Futi alikwenda kutandika kitanda. Akatoka.

"Mzee, mto wangu uko wapi?"

Hapo palihitajika maneno manne tu: nimeusahau redioni, nitauleta kesho. Mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini ulimi wa Mzee Kumbe ulikuwa kama punda aliyezoea njia ya sokoni. Ukimpandisha tu, anakwenda kulekule.

"Mke wangu, kwani hujasikia habari za panya wa pamba?"

"Sijasikia."

"Ohoo. Hawa huja mara moja kila miaka kumi na moja. Chakula hawagusi. Wanatafuta pamba iliyokaa na watu, kwa sababu ina joto. Huingia wanne wanne, kila mmoja anashika pembe—"

Bi Futi alikuwa ameshapiga magoti. Akapima uwazi chini ya mlango. Akapima tundu la ukutani nyuma ya kabati. Akapima nondo za dirisha, moja hadi nyingine.

"Mlango, nusu inchi. Tundu, inchi moja na robo. Dirisha, inchi nne. Mto wangu ni inchi ishirini na sita kwa kumi na nane. Panya wako waliupitisha wapi?"

"Waliuviringisha."

"Kama zulia."

"Kama zulia, ndiyo. Wana akili sana."

Bi Futi alijikung'uta magoti, akaenda kulala bila mto. Asubuhi yake alifunga begi, akaifunika cherehani, akasimama mlangoni.

"Nakwenda kwa mdogo wangu," alisema. "Na nisikilize vizuri, usije ukawaeleza watu vingine. Siondoki kwa sababu ya mto. Mto nashona mwingine kwa saa mbili. Naondoka kwa sababu ya panya. Siku utakayosema jambo moja likiwa na urefu wake halisi, nitasikia, na nitarudi."

"Mama, lakini hebu—"

"Urefu wake halisi," alisema Bi Futi, akaenda zake.

Siku hiyo, Jumatano, Mzee Kumbe alifika redioni mapema kuliko mfagiaji. Kiti kipo. Mto hakuna. Akatazama chini ya meza, nyuma ya mlango, ndani ya kabati la kanda za zamani. Hakuna. Ndani ya chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, fundi mitambo alikuwa amekaa kama kawaida yake, hedifoni masikioni, macho kwenye sindano inayoonyesha nguvu ya sauti.

Huyu fundi mitambo alikuwa binti hodari, ila alikuwa na jambo moja: hakusikiliza maneno. Alisikiliza sauti. Sindano ikicheza vizuri, hata ungetangaza mwisho wa dunia, kwake ni kipindi kizuri.

"Binti yangu," aliita Mzee Kumbe kupitia kioo, "hujaona kitu hapa? Kitu laini?" Hakutaka kusema ni mto, maana ukisema mto utaulizwa wa nani, ukisema wa mke utaulizwa mke anasemaje.

Fundi mitambo akainua kidole gumba. Kwa fundi mitambo kidole gumba kilikuwa na maana moja tu: sauti nzuri, endelea.

Kwenye korido alikutana na mkurugenzi. Kijana wa heshima, mwenye tabia ya kutoa habari mbaya huku ameshika mkono wa mtu.

"Mzee wangu, tumepitia vipindi vyote vya jioni. 'Kumbe!' haipigiwi simu."

"Watu hawana swali, bosi. Ninaeleza vizuri."

"Siku hizi kipindi kisichopigiwa simu ni kama duka lisilo na mteja, mzee wangu. Mwisho wa mwezi tutaweka muziki pale. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi zangu."

"Zako, ndiyo," alisema mkurugenzi, na kuuachia mkono wake polepole, kama mtu anayeweka yai mezani.

Mzee Kumbe aliketi kwenye benchi. Mke hayupo, mto haupo, na kipindi kiko njiani kuondoka. Aliamua kuanza na kile kinachotafutika. Ukutani pale koridoni palikuwa na misumari miwili ya kutungia karatasi za kusomwa hewani: msumari wa kushoto habari, msumari wa kulia matangazo. Akachukua karatasi, akaandika tangazo. Akaandika kwanza "Mto wa kulalia umepotea." Akalitazama. Wa kulalia! Nani amelala wapi? Mtaa mzima utauliza ni kitanda gani kimekosa mto. Akafuta maneno hayo mawili.

Sasa angalia mambo ya dunia. Mtu huyu maishani mwake mote aliongeza. Hakuna aliyewahi kumwona akipunguza. Siku moja tu akapunguza maneno mawili, na hayo ndiyo yaliyomponza.

Tangazo likabaki hivi: *Mto umepotea tangu Jumanne. Ni wa siku nyingi, umetulia, katikati umebonyea. Walioutegemea miaka yote hawana raha. Mwenye kujua ulikoelekea akiarifu kituo hiki.*

Jina hakuweka. Akataka kulitunga msumari wa kulia, lakini msumari wa kulia siku hiyo ulikuwa umejaa matangazo ya vifo, na roho yake haikukubali mto wa mkewe ukae katikati ya marehemu. Akalitunga kushoto.

Saa moja na nusu jioni kilianza kipindi cha mambo ya nchi, kilichoendeshwa na mtangazaji mmoja aliyepewa jina la Bwana Kina, kwa sababu hakuzungumza jambo lolote ila kwa kina. Hata ukimsalimia, alikaa kimya kwanza. Bwana Kina aliingia studio na karatasi za msumari wa kushoto, na Mzee Kumbe akiwa kwenye benchi akisubiri zamu yake, spika ya koridoni ikasema:

"Wasikilizaji, kuna habari ambazo mtu angependa asizisome. Mto… umepotea."

Mzee Kumbe akainuka. Akakaa tena.

"Hatujui ni mto upi," aliendelea Bwana Kina. "Aliyeleta habari hizi ameogopa kuweka jina lake, na hilo peke yake linatosha kutufanya tujiulize. Umetulia, anasema. Katikati umebonyea. Yaani kina kimebadilika. Tulizungumze jambo hili kwa kina. Simu ziko wazi."

Simu zikalia. Zililia kwa namna ambayo mkurugenzi alitoka ofisini akiwa na kiatu kimoja.

"Mimi nauliza," alisema mama mmoja, "huo mto umepotea wote, au maji tu?"

"Swali zuri sana, mama."

"Hata wa kwetu huku," alisema mwanamume, "siku hizi siuelewi. Jana niliutazama ukawa kama unataka kuniaga."

"Haloo? Mimi niliuona huo mto!" alisema mwingine, kwa haraka kama mtu aliyekimbia. "Jumanne alasiri! Kuna mzee mmoja alikuwa ameufunga nyuma ya baiskeli!"

Bwana Kina akasogea karibu na kipaza sauti.

"Ndugu msikilizaji, hili ni jambo zito. Kama umekunywa, kapumzike." Akakata simu.

Akafuata mwalimu mstaafu wa kipindi cha utamaduni, aliyeitwa Mama Methali, akatakiwa atoe hekima ya wahenga kuhusu mto uliopotea. Alipekua kichwani, hakupata ya mto. Akasema, "Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Watu wote studio wakaitikia kwa vichwa. Mzee Kumbe peke yake aliona ni kwa kiasi gani bibi yule alikuwa amekaribia kitanda.

Ilipofika zamu yake, alikalia vitabu viwili vya orodha ya simu na kueleza kwa nini vidole hukunjamana vikikaa majini. Hakuna aliyepiga simu.

Angeweza kusema pale pale. Alijua hivyo. Lakini jambo la namna hii lina dirisha lake dogo, kama posta saa sita kasoro dakika moja. Ukichelewa kidogo unakuta limefungwa, na nyuma yako foleni.

Alhamisi asubuhi foleni ilikuwa imefika mbali. Ofisi ya maji ilituma watu wawili wenye buti kwenda kuhesabu mito. Wakarudi mchana wakasema mito yote wameikuta, isipokuwa hawakupata orodha ya zamani ya kulinganisha, kwa hiyo haiwezekani kuthibitisha kwamba hakuna uliopungua. Taarifa hiyo Bwana Kina aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Ikaundwa kamati. Mtaalamu alialikwa, akaeleza kwamba mto una chanzo, una mkondo na una mwisho, na kwamba ukipotea ni vyema kuanza na chanzo.

Chanzo kilikuwa kwenye benchi ya koridoni, kikinywa chai iliyopoa.

Mchana huo alimpigia simu shemeji yake.

"Shemeji, naomba niongee na dada yako."

"Subiri." Kukawa na mnong'ono. "Dada amesema mto kwanza, maneno baadaye."

"Mwambie ninautafuta. Nimetoa hadi tangazo."

Mnong'ono tena. "Anasema tangazo amelisikia. Anasema ameolewa na mtu aliyeweza kuugeuza mto wake ukawa na samaki."

"Shemeji, hilo si mimi, ni msumari!"

"Shemeji," alisema yule, na kicheko alikikanyaga katikati, "hapo kwenye msumari nitakuombea tu."

Ijumaa mkurugenzi alimshika mikono yote miwili.

"Mzee wangu, simu mia mbili na kumi kwa siku mbili! Watu wote wanauliza mambo ya mito. Leo 'Kumbe!' inapata dakika ishirini. Tuelezee mito iliyowahi kutoroka. Unayo hiyo, si unayo?"

Mzee Kumbe alikuwa nayo. Usiku hakulala, na kichwa chake, bila hata kuombwa, kilikuwa kimeshatengeneza mto uliohama kwa kukasirishwa na daraja, mto uliofuata harusi ukasahau njia ya kurudi, na mito miwili pacha iliyobadilishana majina.

"Ukifanya vizuri," alisema mkurugenzi, "muziki tunaufuta. Dakika ishirini kila jioni, mwaka mzima."

"Na nikisema kitu kingine?"

"Kitu gani kingine?"

"Kitu kifupi."

Mkurugenzi aliacha mkono mmoja. "Mzee wangu, kamati imeundwa. Nikionekana nimewahangaisha watu wenye buti kwa sababu ya mchezo, kabla ya kipindi chako nitafungwa mimi. Usiniangushe."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na hayakuwa na mto.

Saa mbili kasoro dakika kumi taa nyekundu iliwaka. Mzee Kumbe aliketi juu ya vitabu vyake vya simu. Mkononi kurasa nane. Nyuma ya kioo fundi mitambo aliinua kidole gumba. Kando yake walisimama Bwana Kina na mkurugenzi, mikono kifuani, kama watu wanaopigwa picha.

"Wasikilizaji wapenzi, hamjambo. Leo tutazungumza kuhusu mito iliyo…"

Akaona kurasa nane. Akafikiria ile nyumba: kitanda na ule mto wake uliosinyaa kama bahasha, peke yake. Mambo mengine mtu ukiyavulia nguo lazima uyaoge. Akazigeuza kurasa kifudifudi.

"Mto uliopotea ni wa kulalia," alisema. "Ni wa mke wangu. Niliuchukua mimi Jumanne alasiri bila kumwomba, kwa sababu kiti hiki kinazama. Nikausahau hapa. Aliponiuliza nikamwambia umechukuliwa na panya."

Ulimi ulitaka kuongeza kwamba panya walikuwa na kiongozi. Akaubana kwa meno.

"Hakukuwa na panya. Tangazo niliandika mimi. Nilifuta maneno 'wa kulalia' kwa sababu ya aibu, nikalitunga msumari usio wake. Mto ni wa kitambaa cheupe. Urefu inchi ishirini na sita, upana inchi kumi na nane. Juu pametarizwa neno moja, 'Nimesikia'. Basi. Hakuna zaidi."

Aliangalia saa. Alikuwa ametumia chini ya dakika moja. Zilizobaki zilikaa mezani zikimtazama. Bwana Kina alikuwa amefungua mdomo nusu. Mkurugenzi hakuwa na mkono wa kushika, akashika tai yake.

Simu ikaita, moja tu.

"Haloo," alisema Mzee Kumbe, "uko hewani."

"Najua niko hewani. Nimekaa mbele ya redio."

"Mke wangu."

"Umesema ishirini na sita kwa kumi na nane."

"Ndiyo."

"Ni sawasawa. Sasa mwambie huyo fundi wenu autoe mto wangu huko alikouweka."

"Fundi? Ameuweka wapi?"

"Mimi nitajuaje wapi, mimi niko hapo? Lakini tangu Jumatano sauti yako haigongi ukuta. Miaka thelathini na minane unanipigia porojo sikio langu likiwa juu ya mto ule. Sauti yako ikiwa imepita kwenye pamba, siwezi kukosea."

Mzee Kumbe akageuka kwenye kioo. Mkurugenzi akamgusa fundi mitambo begani. Fundi akavua hedifoni, na wengi pale ndipo walipojua kwamba ana masikio. Akaambiwa. Akaingia studio bila haraka, akapita nyuma ya kiti, akasogeza ubao uliopigiliwa trei za mayai za kuzuia mwangwi, akavuta. Mto ukatoka taratibu, kama mtu anayetolewa kwenye gari lililojaa. NIMESIKIA, kwa uzi mwekundu.

"Huu?" alisema. "Nilidhani ni wa kituo. Niliukuta kwenye kiti. Sauti yako ilikuwa inagonga, mzee."

"Binti yangu! Siku tatu redio nzima inatafuta mto!"

"Kumbe?" alisema fundi mitambo. "Mimi huwa naangalia sindano."

Maneno hayo yalikwenda hewani, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa wazi. Na hapo simu zote zikalia kwa pamoja.

Mzee Kumbe alijiandaa kutukanwa. Alivuta pumzi, akapokea.

"Mzee Kumbe, leo umetuua!" alisema mtu wa kwanza, huku wengine nyuma yake wakicheka. "Eti mto wa kulalia! Siku zote hizo, eti mto wa kulalia! Yule mama mmempata wapi? Anaigiza vizuri!"

"Ni mke wangu," alisema Mzee Kumbe. "Ni kweli tupu."

"Hahaa! Na uso mkavu hivyo hivyo!"

Wa pili alisema hiyo ya soksi ilikuwa nzuri, lakini hii ndiyo kiboko yake. Wa tatu alitaka kujua mwisho wa hadithi. Wa nne alikuwa yuleyule wa Jumatano. "Si niliwaambia! Baiskeli!" alipaza sauti, na Bwana Kina, aliyekwisha kuingia studio kulinda heshima ya kipindi, akanyoosha mkono na kumkata kwa mara ya pili.

"Tusichanganye mambo," alisema Bwana Kina kwenye kipaza sauti. "Mto wa kulalia ni mto wa kulalia. Kupatikana kwake hakumaanishi kwamba hakuna mto mwingine uliopotea. Kamati inaendelea." Na kweli inaendelea. Hadi ninapoandika haya, huo mwingine haujaonekana.

Koridoni mkurugenzi alimshika Mzee Kumbe mkono, na safari hii hakuwa na habari mbaya.

"Mzee wangu, hiyo ndiyo 'Kumbe!' bora kuliko zote ulizowahi kutunga. Muziki tumeufuta."

"Bosi, sikutunga. Ni kweli."

"Hivyo hivyo!" alisema mkurugenzi, macho yamelowa. "Hivyo hivyo ndivyo inavyotakiwa kusemwa."

Mji mzima ulikuwa umesikia ukweli wake wa kwanza na hakuna aliyeuamini isipokuwa mtu mmoja. Mzee Kumbe alipiga hesabu, akaona huyo mmoja anatosha.

Aliufunga mto nyuma ya baiskeli kwa mpira ule ule. Alipofika nyumbani taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, cherehani imeshafunuliwa, na begi liko mlangoni, tupu. Bi Futi alipokea mto. Akaulaza mezani, akaupiga makofi mawili kuuamsha, akavua utepe shingoni.

"Ishirini na tano na nusu," alisema. "Umepungua nusu inchi."

"Nusu inchi?" Mzee Kumbe alisogea kuangalia. Ulikuwa umebanwa kati ya ubao na ukuta siku tatu. Alilijua hilo, na lilikuwa jibu zuri tu, la maneno machache. Lakini alikuwa amechoka, na punda alikuwa ameshaiona njia. "Unajua, mama, pamba ikikaa na watu wengi wanaozungumza—"

Bi Futi aliugeuza mto, akamwonyesha upande wa uzi mwekundu, kisha akaenda kutandika.